Jirani akirudi kutoka wodi ya akili, mnamrudisha kwenye daftari la michango au "mnamsamehe"?

Katibu wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite tu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana huku Kitangiri, Mwanza. Watu wa Kanda ya Ziwa mnavijua hivi vikundi. Msiba ukitokea kila kaya inatoa hela, wanaume wanachimba na kufunga turubai, kina mama wanashika majiko, na asiyeonekana anapigwa faini. Hatuangalii cheo, hata mwalimu mkuu kashapigwa. Ukifukuzwa kikundi huku kwetu ni heri ungepelekwa polisi, maana siku ukifiwa unabaki na maiti yako na viti vya kukodi.

Sasa kuna jambo limetugawa. Tuna mwanachama, nimwite Fundi, maana ndiyo kazi yake, anashona nyavu mwaloni Kirumba. Miaka ya nyuma aliugua. Alikuwa halali, anaongea usiku kucha, akauza vyombo vya ndani, akawa anatembea kwa mguu hadi Igoma anasema kuna watu wamemwita. Ndugu wakaanzia kwa mganga, na siwalaumu, wengi humu tungeanzia huko huko. Alifungwa kamba kule, alama za mikononi zipo mpaka leo. Baadaye akafikishwa hospitali, akalazwa, akatulia. Sasa hivi yuko kwenye dawa, kliniki hakosi, na wavu uliochanika akikushonea yeye hutafuti pa kukosoa.

Alipotoka hospitali, kikao cha wakati ule (sikuwa katibu) kikapitisha kwamba Fundi asisumbuliwe. Jina likapigwa mstari daftarini, pembeni pakaandikwa MSAMAHA kwa herufi kubwa. Hadaiwi, haitwi makaburini, hana faini. Akifiwa tutamzikia. Watu wakaondoka kikaoni wanajisikia wema.

Msiba uliopita nilikuwa mezani na mweka hazina. Fundi kapanga foleni kama wengine, ana noti ya elfu mbili mkononi. Zamu yake ilipofika mweka hazina, mama wa watu mpole kabisa, akamwambia: "Mdogo wangu, wewe kaa ule, wewe hudaiwi." Jamaa akasogea pembeni lakini hakukaa. Akaikunja ile noti mara mbili, mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, huku wa nyuma yake wanalipa na kuandikwa. Kisha akaenda kwa kina mama wanaomenya ndizi, akashika kisu. Dada mmoja akakichukua kile kisu mkononi mwake taratiiibu, huku anamchekea. Akaenda kwa wanaume wa turubai, wakamwambia "tushamaliza kaka", na mimi naziona kamba mbili zinaning'inia.

Hakuna aliyemtukana siku ile. Alipewa sahani ya wali imejaa kuliko yangu. Ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu kulieleza kikaoni, kila mtu anauliza "kwani tumemkosea nini?"

Msimamo wangu ni huu: yule hatujamrudisha. Tumemfanya mgeni wa kudumu, na mgeni ndiye haoshi vyombo. Mtu anakuwa wa mtaa pale anapodaiwa, anaposemwa kwa kuchelewa, anapogombana na katibu kuhusu risiti. Nataka nipeleke hoja jina lake lifutiwe ule mstari, alipe na afanye kazi kama sisi. Wenzangu wanasema nataka kumuonea mgonjwa.

Vikundi vyenu vinafanyaje? Karibuni.

Mzee wa Nipo Paleee

Nimevuta kiti. Ila mkuu, kuna mtu kasamehewa michango halafu unamtetea adaiwe? Huo msamaha nipeni mimi, nina harusi tatu mwezi huu.

Igogo Juu

Katibu, moyo wako mzuri ila umeegemea upande mmoja. Huku kwetu mlimani tuna jirani wa aina hiyo, alimrushia mwanangu jiwe, bado kidogo limpate kichwani. Ukimuuliza mama yake anasema "alikuwa hajameza dawa". Sasa mimi nitajuaje leo kameza au hajameza? Wewe unataka umpe jembe na sururu makaburini, amesimama nyuma ya watu wameinama. Siku likitokea la kutokea, utaandika uzi mwingine?

Simchukii mtu. Naomba tu tusifanye majaribio kwa vichwa vya wengine.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Igogo Juu, pole kwa mtoto, hofu yako haitoki hewani. Mimi nimefanya kazi kwenye wodi na kliniki za afya ya akili, naomba nitenganishe mambo.

Wengi wenye matatizo ya akili hawamgusi mtu. Wao ndio wanaopigwa zaidi, wanaoibiwa, na wanawake wanabakwa. Tuliokaa mjini tumewaona kina dada wanaozunguka stendi na matambara, mwaka huu mjamzito, mwaka kesho tena. Mimba zile hazikuletwa na jini, zimeletwa na wanaume wenye akili timamu wanaorudi nyumbani kula chakula cha usiku.

Hatari ipo, na ina dalili zake. Mtu kaacha dawa, halali siku kadhaa mfululizo, anaanza kushuku watu fulani kwa majina, au kachanganya na bangi na gongo. Hapo usimpe sururu, mpeleke hospitali. Lakini huyo ni mtu wa wiki ile, si wa mwaka mzima. Jirani anayekaa naye karibu huwa anaziona dalili mapema kuliko sisi wa kliniki, maana sisi tunamwona mara moja kwa mwezi, tena kwa dakika chache. Mkimtenga ndiyo mnapoteza macho hayo.

Katibu, hoja yako naiunga mkono, ila "afanye kazi kama sisi" irekebishe. Dawa zina mambo yake. Wengi wanameza usiku, asubuhi saa kumi na mbili bado kichwa kizito. Mwambie aje saa tatu utamwona mwingine kabisa. Haloperidoli inaweza kumkakamaza shingo, kumtetemesha mikono, hata mate yakamtoka. Watu wanaona mate wanasema "ugonjwa umerudi", kumbe ni dawa, na kuna vidonge vya kutuliza hali hiyo, aseme kliniki. Anayetumia klopromazini, ile ya Largactil, jua linamchoma ngozi vibaya. Kwa hiyo ukimpa kazi ya kuanika dagaa mchana kutwa pale mchangani bila kofia na mikono mirefu, umemuumiza.

Kubwa kuliko yote ni usingizi. Kijana aliyewahi kuugua kama Fundi akienda kuvua dagaa usiku kucha, giza zima la mwezi, kuna hatari kubwa arudi wodini. Mwenye kifafa ndiyo kabisa, asipande mtumbwi. Nyie mnawaona wavivu, wao wanakwepa kuzama. Kushona nyavu mchana kivulini, kama Fundi, ni kazi inayomfaa kweli kweli. Aliyemchagulia alifikiri, au kajichagulia mwenyewe.

Dada Mkubwa

Nesi, Mungu akubariki. Nimesoma nikalia hapa dukani.

Nina mdogo wangu wa kiume, tupo Buhongwa. Hakuna aliyezungumzia sisi tunaobaki naye ndani. Watu wakisema "jamii imemsamehe", mzigo haupotei, unahamia kwa mama. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, analala karibu na mlango ili mtoto asitoke usiku. Jirani akipita anasema "pole mama, Mungu yupo". Sawa, yupo. Ila hajawahi kutokea mtu akasema "mama nenda kanisani, nitakaa naye mpaka saa saba".

Na usiku ndiyo tunaogopa. Mwaka juzi alitoka, akaingia uwanja wa watu, anaongea peke yake. Ikapigwa kelele ya mwizi. Mnajua Mwanza kelele ya mwizi ikipigwa inakwishaje. Aliyemwokoa ni kijana wa ulinzi shirikishi aliyemtambua kwa sauti, akawafokea "huyu wa kwetu, acheni!" Kumtambua huko ndiko kulimwokoa. Hakuna semina pale. Walikuwa wanacheza wote bao pale kwa kinyozi.

Tangu siku hiyo kila walinzi wakibadilishwa nakwenda naye nawatambulisha. Igogo Juu, mfanyie na wa kwenu hivyo.

Mfugaji Magu

Nataka kuwatetea waganga kidogo, msinirushie mawe. Watu wa mjini mnasema "ndugu walianzia kwa mganga" kama vile ni upumbavu. Huku vijijini kwa mganga ni karibu, hospitali yenye daktari wa akili ni safari na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Halafu kwa mganga ndugu anakaa na mgonjwa wake, anapika, wanakula pamoja, watu wanaingia na kutoka wanasalimiana, mwangaluka, mwadila. Hospitali unamwacha getini.

Kamba na kuchapwa sikubaliani nazo. Ila lile la kukaa na watu wake lilikuwa tiba.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mfugaji, hapo hatugombani. Mganga akikubali mambo mawili, asifunge mtu na asimwambie aache dawa, tunaweza kufanya kazi pamoja, na wapo wanaotuletea wagonjwa wenyewe. Niongeze: kwa sera ya nchi matibabu ya akili kwenye vituo vya serikali hayalipiwi. Tatizo ni dawa kuisha, unaambiwa ukanunue nje. Pale ndipo wengi wanakatikia njiani. Kikundi kikitaka kumsaidia mtu kwa hela, kisimsamehe elfu mbili ya msiba, kimchangie dawa mwezi ambao kituoni hazipo.

Mnansio

Hilo la Mfugaji lina historia. Mwaka 1954 Nigeria, kule Aro karibu na Abeokuta, daktari Thomas Adeoye Lambo aliona hospitali yake haijakamilika kujengwa, akapangisha wagonjwa kwenye nyumba za wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake. Mchana tiba, jioni wanarudi kijijini. Wanakijiji walikuwa wanapata kodi, na wagonjwa walifanya kazi mashambani. Hakuhubiri huruma, alitengeneza biashara ya pande mbili. Na sisi Tanzania tulifuata njia hiyo tukawa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo kule Dodoma. Na Lutindi, Tanga, tangu enzi za Mjerumani, wagonjwa wamekuwa wakilima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya matibabu.

Siku hizi kuna wa Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza 2006 mjini Harare, akawafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar mabenchi hayo yapo. Kinachonifurahisha mimi ni kinachofuata: mtu akishaongea na bibi anaunganishwa na kikundi cha wenzake, wanafuma mikoba huku wanapiga soga. Yaani kama VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa.

Kisheria, mjue haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, kifungu cha 19 ni haki ya kuishi ndani ya jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inahesabu na ulemavu wa akili, siyo wa miguu na macho tu. Mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Viwanda vya samaki hapa Mwanza vina watu wangapi? Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize.

Upande mwingine sheria yetu inatuumiza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia inaogopa kesi, inaficha, mtu anakosa msaada wakati anauhitaji kuliko wote. Wakenya Mahakama Kuu yao ilikibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025.

Mzee wa Nipo Paleee

Mnansio huwa haongei, akiongea anamwaga maktaba nzima. Nimeacha utani, endeleeni.

Kadi ya Kijani

Nimesoma kimya kimya tangu juzi. Mimi ndiye huyo mnayemjadili. Si Fundi, lakini ni yule yule. Nina kadi ya kliniki, nina sindano ya kila mwezi, niko Mwanza, nafanya biashara ya dagaa wa jumla.

Igogo Juu, na mimi nisingetaka mtu asiyemeza dawa asimame nyuma ya mwanangu na jiwe. Tuko pamoja. Ila naomba ufanye kitu kimoja, siku akiwa mzima muulize yeye, si mama yake: "Ukianza kuumwa tuone nini, tumwite nani?" Mimi nimewaambia majirani wawili. Nikianza kununua magunia usiku kwa simu na kugawa hela, wampigie kaka yangu. Wameshapiga mara moja. Niliwachukia wiki mbili, sasa hivi ni rafiki zangu.

Kuhusu kikundi. Nilikuwa kwenye VICOBA kimoja. Nilipotoka hospitali walinipokea kwa nderemo. Hisa zangu kila wiki walichukua, hakuna aliyesema "pumzika". Nilipoomba mkopo kwa hisa zangu mwenyewe, usiozidi mara tatu ya akiba kama katiba inavyosema, wakaanza kutazamana. Mwenyekiti akasema "tunakuhurumia, deni litakuletea mawazo". Kwa hiyo hela yangu ina akili timamu ikiingia, ikitoka ina kichaa. Niliondoka.

Na kikaoni nikibisha, nikipandisha sauti kama mwanachama yeyote anayeibiwa, mtu ananiinamia: "umemeza leo?" Unajifunza kutabasamu. Miaka miwili nilikuwa mtu wa kutabasamu tu, watu wakasema amepona kweli, amekuwa mpole.

Kwa hiyo Katibu, mdai. Na akikosea mgombeze. Ila na siku akitaka mkopo, au akitaka kugombea uongozi, usije ukakumbuka kwamba ni mgonjwa.

Igogo Juu

Kadi ya Kijani, nimekusoma mara mbili. Lile swali nitamuuliza, nikimkuta katulia. Sururu bado sijakubali, nasema ukweli.

Dada Mkubwa

Igogo, hata kumuuliza tu ni kitu. Huku kwetu ni mwaka wa ngapi watu wanamuuliza mama "anaendeleaje" na yeye mwenyewe amekaa pale pale pembeni anasikia.

Katibu wa Mtaa

Nimekaa na hii michango yenu, nimeandika hoja upya. Naiweka hapa muitoboe kabla ya Jumapili:

Mwanachama aliyeugua, maradhi yoyote yale, atasimamishiwa michango na kazi kwa muda anaoumwa tu, na muda huo atausema yeye au mtu aliyemchagua akiwa mzima. Akirudi, anarudi na kila kitu: mchango, zamu, faini, mkopo, kura na haki ya kugombea. Kazi za msiba zitapangwa kwa saa na kwa aina, asiyeweza alfajiri aje saa tatu, asiyeweza jua akae kivulini kwenye daftari au majiko. Hilo la mwisho wazee wa kisukari na kina mama wajawazito wamelishangilia kabla hata ya kikao, kumbe walikuwa wanaumia kimya.

Makaburini nimeacha hiari, Igogo Juu naona utapumua.

Nimeongeza pia zamu ya kukaa na mgonjwa ili anayemuuguza atoke, saa chache kwa wiki, inahesabika kama kuhudhuria msiba. Dada Mkubwa, hii ni ya mama yako, ingawa yuko Buhongwa.

Fundi mwenyewe nilimfuata mwaloni nikamsomea. Alikuwa na wavu mapajani, hakuacha kushona. Akasema sawa, ila kuna neno "maradhi yoyote yale", akataka libaki hivyo hivyo wasije wakalibana. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: ile miaka ya msamaha, misiba yote aliyopita bila kulipa, inahesabikaje? Maana katiba inasema mwenye malimbikizo hakopi wala hagombei.

Mfugaji Magu

Hapo msimdai. Nyie ndio mlimkatalia hela yake, mlipiga mstari wenyewe. Deni gani hilo?

Kadi ya Kijani

Mimi nasema mumdai, hata nusu, hata kidogo kidogo. Mkifuta, kila akigombea mtu atasimama aseme "huyu alikula bure miaka yote". Mnampa risiti au mnampa tena msamaha mwingine?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kadi, mwenye kushona nyavu anapata ngapi kwa siku? Dawa zikikosekana mwezi huu atalipa lipi kwanza? Angalau wapunguze miezi aliyolazwa.

Katibu wa Mtaa

Napeleka zote tatu kikaoni kama zilivyo. Mweka hazina kashapiga hesabu, na miezi ya kulazwa ameitoa, hilo sikumwomba, kafanya mwenyewe. Mama yake Fundi amenitumia ujumbe kwamba atauza mbuzi alipe yote. Fundi amesema mama asilipe hata shilingi, deni ni lake.